Vitabu Vichungu vya Kadutu

Vitabu vya maktaba yetu vilikuwa vichungu. Sisemi maneno yaliyokuwa ndani. Nasema kitabu chenyewe, mgongoni, pale gundi inapokamata karatasi. Ukipitisha ncha ya ulimi hapo, uso unakunjamana na mate yanakujaa mpaka utafute pa kutema. Watoto wa Kadutu, mtaa wa mji wa Bukavu, mashariki ya Kongo, tuliokuwa na kadi tulilijua hilo, kwa sababu mgeni hakuhesabiwa kuwa mwenzetu mpaka arambe kitabu kimoja mbele ya mashahidi. Mimi nilirambishwa mwaka 1993, nikiwa na miaka minane. Kitabu chenyewe kilikuwa maisha ya mtakatifu fulani, nami nikaenda nyumbani nikiwaza kama jambo lile nitalipeleka kwa padri kuliungama.

Uchungu ule ulikuwa kwinini. Mzee aliyetunza maktaba, tuliyemwita Papa Karani, alikuwa amefanya kazi ya ukarani miaka mingi kwenye kiwanda cha kwinini, na mtu wa Bukavu hahitaji kuelezwa kwinini ni nini. Mti wake unalimwa kwenye milima ya Kivu, na magome yake wazazi walituchemshia tukishikwa na homa. Gundi ya dukani ilikuwa ghali, kwa hiyo Papa Karani alipika yake kwa unga wa muhogo. Tatizo ni kwamba mende na panya wanapenda gundi ya muhogo kama sisi tunavyopenda bugali. Akaona atwange magome ya kwinini, achanganye humo. Kama mende waliogopa kweli, siwezi kuapa. Ila iliwakomesha watoto waliokuwa na tabia ya kutafuna pembe za vitabu, na hilo naapa.

Maktaba ilikuwa chumba kimoja nyuma ya parokia, chini ya mabati. Kadutu ni mteremko mtupu. Jirani wa juu anamwaga maji yakashukia kwako, na wewe ukisimama uani unaona paa la jirani wa chini karibu na miguu yako. Mlangoni pa maktaba uliona kipande cha ziwa na rasi moja kati ya zile tano ambazo watu husema ni vidole vya mkono wa Bukavu. Mvua ikinyesha, na kwetu inanyesha tangu Septemba mpaka Mei, mabati yalipiga kelele hata ukimwita aliye kando yako asisikie. Papa Karani alikuwa na ubao mdogo kwa siku hizo. Aliunyanyua tu, umeandikwa kwa chaki: SOMENI.

Vitabu vyote alivivika karatasi ya mifuko ya simenti, akaandika majina kwa wino mweusi, kwa mwandiko wa makarani wa zamani, ule wa herufi zinazolala upande mmoja kama majani kwenye upepo. Ukiingia, rafu nzima ilikuwa ya rangi moja, kahawia kama ukuta wa udongo. Hukuchagua kwa picha ya jalada. Ulisoma jina, ukauliza wenzako, ukabahatisha.

Kisha muhuri. Aligonga muhuri wa wino wa zambarau kwenye ukurasa wa kwanza, na tena kwenye ukurasa wa 17. Nilimwuliza kwa nini 17.

“Mwizi atapasua ukurasa ya kwanza,” akasema. “Ya kumi na saba, nani ataiwaza?”

Vitabu vingine, vile vikuukuu, vilikuwa na muhuri mwingine chini ya ule wake, uliofifia: Costermansville. Nilidhani ni mji wa Ubelgiji. Siku nilipomwuliza ni wapi, alinishika bega akanigeuza kuelekea mlangoni, ziwa likiwa mbele yetu. “Ni hapa. Ulikaa ndani yake tangu asubuhi.” Nikampelekea koko habari hiyo. (Koko ndivyo tunavyomwita mama wa mzazi; nikisema bibi, kwetu watu wataelewa ni mke wa mtu.) Koko hakushangaa. Alisema wazungu walikuja na jina lao, wakaondoka nalo, lakini mahali hapo Washi walikuwa wakipaita pa ng'ombe, bunkafu, na ng'ombe hawakubadilisha jina.

Mdogo wangu alizaliwa Julai 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walipokuwa wakivuka mto Ruzizi kwa maelfu. Mji ulijaa kiasi kwamba huwezi kusimama bila kugusana na mtu. Walilala kwenye shule, kwenye viwanja, kwenye veranda ya maktaba yetu. Mabenchi mawili yaligeuka kuni na Papa Karani hakusema neno. Mama alirudi sokoni kuuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, mtoto akiwa bado mchanga, na mimi, mtoto wa kwanza wa kike, nikapewa mgongo. Ndivyo ilivyokuwa: shule asubuhi, mgongo mchana. Nilikwenda kuchota maji naye, nilikwenda kununua makaa naye, na mapema mwaka 1995 nikaingia naye maktaba, nimemfunga kwa kikwembe, amelala mdomo wazi.

Wenzangu walianza kucheka. Masere, yaani mtawa, aliyesaidia siku za Jumamosi akanyanyua kidole kunionyesha mlango. Papa Karani akavua miwani.

“Huyu wa ku mgongo, iko na kadi?”

“Hapana, papa.”

“Basi hawezi kuingia bila kadi.”

Nikageuka kutoka. Akaniita, akachukua kipande cha katoni, akakata kwa mkasi, akaandika polepole jina la mdogo wangu, mwaka wa kuzaliwa, na namba: 212. Yangu ilikuwa 187. Kanuni ilikuwa kadi moja kitabu kimoja kwa juma. Nilifikiri amefanya mchezo wa kumfurahisha mtoto, mpaka nilipofika mezani na kitabu changu akaniuliza, bila kutabasamu, mdogo wangu anachukua kipi. Tangu siku hiyo nilirudi nyumbani na vitabu viwili, na sikuona tena uzito wa yule mtoto kama nilivyouona zamani. Simdharau aliyenifundisha hesabu, lakini hesabu ile ya mtoto mmoja kuwa sawa na kitabu kimoja ndiyo iliyonikaa.

Sasa vitabu viwili, na nyumba isiyokuwa na msomaji mwingine. Baba alisoma barua tu, na alipozipata. Koko hakusoma kabisa, lakini alikuwa mtu wa kutaka kujua. Jioni, akichambua sombe, majani ya muhogo, alinikalisha karibu na taa ya mafuta: “Soma, nisikie ile karatasi inasema nini.” Na karatasi ilisema Kifaransa. Shuleni kwetu miaka miwili ya kwanza tulifundishwa kwa Kiswahili, mwaka wa tatu ukaingia Kifaransa kama mvua ya ghafla. Kwenye maktaba, Kiswahili kilikuwa na nusu rafu: Biblia, nyimbo za kanisa, vijitabu vya afya. Hadithi zote zilikuwa kwa Kifaransa, hata zile nyembamba zilizochapishwa Kinshasa kwa watawa wa Mtakatifu Paulo. Kwa hiyo nilisoma sentensi kimoyomoyo, nikaitoa kwa Kiswahili, koko akaikagua.

Kuikagua ndiko kulikonifunza kusoma. Mwalimu aliridhika nikitamka vizuri. Koko hakujali matamshi, alitaka jambo liingie akilini. Kulikuwa na kitabu cha mtoto wa mvuvi huko Ufaransa, ambaye alingoja bahari iondoke ili aokote makombe mchangani.

“Inaondoka inaenda wapi?” akauliza koko.

“Mbali. Kisha inarudi.”

“Kila siku?”

“Mara mbili kwa siku, koko.”

Akatazama chini, upande wa ziwa, ingawa giza lilikuwa limekwisha ingia. “Ziwa yetu, maji yake inapitia kwa Ruzizi, inaenda Uvira, hairudi. Ule muzungu alikudanganya, ao weye hukusoma muzuri. Rudilia.”

Nikarudilia. Nikarudilia tena. Kesho yake nikamwuliza mwalimu, naye akaniambia neno la Kifaransa lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Nikaenda kwa Papa Karani, akanichorea mwezi na dunia kwenye karatasi ya simenti, nikairudisha nyumbani picha hiyo, na koko akaitazama sana akasema mwezi anaujua, lakini hajawahi kuuona ukivuta kitu. Usiku ule hatukuendelea na hadithi. Juma zima hatukuendelea. Tulikwama pale mchangani na yule mtoto, ndoo mkononi, tukibishana.

Nilikuwa mtu mzima nilipokutana na mwenzangu wa Mombasa kwenye semina ya walimu, nikamsikia akisema hivihivi tu, kama mtu anavyotaja saa, kwamba maji yamejaa, kwamba maji yamepwa. Nikamshika mkono asiende. Kujaa na kupwa! Lugha yangu ilikuwa na maneno hayo tangu zamani, ila yalikuwa yamekaa pwani, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka taa yetu ya mafuta. Koko alikuwa amekwisha fariki. Sidhani angekubali vilevile, lakini angalau angenibishia kwa maneno sahihi.

Faini za Papa Karani hazikuwa za pesa, kwani nani alikuwa nazo? Ukichelewa juma moja, ulileta bido la maji la lita 20 kwa masere. Ukiharibu, ulitengeneza. Mimi nililowesha kitabu cha mvuvi siku nilipokamatwa na mvua njiani kutoka Nyawera, nikafunzwa kazi yote kwa Jumamosi mbili. Unga wa muhogo unachanganywa kwanza na maji ya baridi, maana ukitia kwenye ya moto unapata vidonge. Unakoroga mpaka uache kuwa mweupe uanze kung'aa. Kidogo tu cha unga wa magome, kama chumvi ya mboga. Unapaka kwa unyoya wa kuku, si kwa kidole, kidole kinaacha vilima. Kisha matofali manne juu, na unaondoka; ukikaa karibu utashawishika kufunua kabla ya wakati. Mpaka leo sioni kitabu kilichoachana mgongo bila vidole kuniwasha.

Walikuwapo wasioshindwa na faini yoyote. Mvulana mmoja wa barabara ya juu alikuwa na kitabu cha jiometria tangu 1993, na jina lake lilisomwa kila Jumamosi mbele ya wote kama tangazo la ndoa. Papa Karani aliwachukia wachelewaji kwa moyo wake wote. Aliwaita wanyang'anyi wa pole pole.

Jumamosi tarehe 26 Oktoba 1996 maktaba ilifunguliwa, sijui kwa nini. Watu waliokimbia kutoka Uvira walikuwa wameanza kuingia mjini na kila nyumba ilikuwa na habari yake. Tulikuwa watoto wachache. Mimi nilichukua tena kitabu cha mvuvi, kwa sababu koko alikuwa hajaridhika. Kwa kadi 212 nilichukua kilichokuwa karibu na mkono, kitabu cha kufuga sungura, kwa kuwa mdogo wangu alipenda michoro yake. Msichana mmoja aliomba vitabu vitatu. Papa Karani alimwambia kanuni ni kanuni.

Jumanne, tarehe 29, vita vilikuwa mjini. Siku hiyo ndiyo aliyouawa Askofu Mkuu wetu, Christophe Munzihirwa. Sisi tulikuwa tumekwisha shika njia ya Walungu kwa miguu, kwenda kwa mama mdogo, katika ule mto wa watu na magodoro na kuku. Mama alibeba sufuria, koko alibeba fimbo yake na Biblia asiyoweza kuisoma. Mimi nilibeba mtoto, na kati ya mgongo wangu na tumbo lake nilikuwa nimevibana vile vitabu viwili, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na sehemu kavu ilikuwa hapo tu. Sikufanya ushujaa wowote. Niliogopa faini.

Walungu tulikaa majuma manne. Usiku hapakuwa na la kufanya ila kusikiliza milio ya mbali na kunyamaza, basi koko akaniambia nisome. Kitabu cha mvuvi kilikwisha mara mbili. Tukaingia cha sungura. Sasa fikiria nyumba yenye watu kumi na wanne, wakubwa kwa watoto, wamekaa gizani wakisikiliza kwamba sungura jike hubeba mimba siku 31, kwamba siku chache kabla ya kuzaa atajing'oa manyoya atandike, kwamba majani yenye umande yanamvimbisha tumbo. Koko alibisha habari ya umande. Simbilisi wake hula yenye umande na wanaishi. Mtoto wa mama mdogo, kijana wa miaka kumi na tano hivi aliyekuwa ameacha shule, ndiye aliyeuliza maswali mengi. Aliniomba nimchoree kibanda kilichokuwa ukurasa wa arobaini na kitu. Tulipoondoka kurudi Bukavu aliniomba kitabu chenyewe, mpaka nitakaporudi. Nikamwachia, nikijua nafanya kosa kwa jina la mtu asiyejua hata kusema.

Maktaba haikuwa na mlango. Haikuwa na mabati, wala rafu, wala kitabu kimoja. Sakafuni kulikuwa na majivu na maganda ya ndizi. Vitabu karibu mia sita vilikuwa vimekwenda, vingine kuwashia moto, vingine sokoni kwa kilo. Nilisimama pale na kitabu changu kimoja kama mtu aliyeleta sahani kwenye karamu iliyokwisha.

Siku ya tatu Papa Karani akabisha hodi nyumbani. Alikuwa amekonda na koti lake lilikuwa la mtu mwingine. Kwapani alikuwa na daftari la kuazimisha, lile refu la hesabu, ambalo kumbe kila Jumamosi alilala nalo nyumbani kwake. Akalifungua, akapitisha kidole.

“187, kimoja. 212, kimoja.”

Nikamtolea cha mvuvi. Nikamweleza cha sungura kilipo, huku nikitetemeka. Hakukasirika. Alishika kile kitabu kwa mikono miwili, akakigeuza, akafungua ukurasa wa 17, akaketi kwenye kigoda cha koko bila kukaribishwa, jambo ambalo si la mtu wa heshima kama yeye. Kisha akasema kitu ambacho nimekibeba kuliko mafundisho yote ya shule: “Ningewapa kumi kumi.”

Vitabu vilivyokuwa nje siku ile vilikuwa 43, ndivyo daftari lilivyosema. Alizunguka Kadutu nzima, akapanda na kushuka zile ngazi za udongo, mlango kwa mlango, na watu waliomwona kwa mbali wakawaficha watoto wakidhani anadai faini. Alirudisha 31. Wale wanyang'anyi wake wa pole pole ndio waliokuwa na vingi. Yule wa jiometria alitolewa chini ya kitanda na mama yake, amekamatwa sikio, kitabu kikiwa kizima, hata kikwembe alichokivingirishia kilikuwa safi. Papa Karani akamkumbatia. Kisha akamdai bido la maji, na mvulana akalileta.

Mapema mwaka 1997, pale chini ya ngazi za soko la Kadutu, nilinunua karanga. Mama muuzaji alinikunjia pembe ya karatasi, akajaza, akanipa. Nilikuwa nimekula nusu nilipoona zambarau. Nikamwaga zilizobaki kiganjani, nikakunjua: muhuri wetu, na pembeni namba 17. Nikarudi mbio. Chini ya sinia lake kulikuwa na rundo, na kwenye rundo kitabu kilichobaki nusu, bila jalada. Nilipomwambia ni cha maktaba alinitazama kama mtu anayetazama mwizi. Alikuwa amenunua karatasi zile kwa pesa zake. Nikamwahidi madaftari yangu ya mwaka uliopita.

“Ya kuandika kwa mukono?” akauliza. “Wino yake inaingia mu karanga. Ya kitabu ndiyo muzuri.”

Alikuwa na haki, mtu wa biashara anajua vifaa vyake. Tulipatana madaftari manne kwa nusu ile ya kitabu, na akanionyesha mwenzake aliyenunua mahali pale pale. Juma zima tulizunguka sokoni, watoto sita au saba, tukikagua karatasi za karanga, za sabuni ya kukata, za chumvi. Penye ukurasa wa 17 hapakuwa na shida. Penye kipande kisicho na muhuri, ulibaki ulimi. Tuliramba migongo ya vitabu mbele ya wamama waliotucheka mpaka wakashika mbavu, na palipokuwa na uchungu tulisema: hiki chetu. Tulipata vinne na nusu. Vingine viwili havikuwa vyetu, lakini tulivichukua, Papa Karani akavigonga muhuri bila kuuliza.

Maktaba iliendelea kwenye kona ya chumba cha katekesi, kabati moja. Vita vya 1998 vikaja, ikafungwa, ikafunguliwa, nikakua, nikaenda shule ya sekondari ng'ambo ya mji, na siku moja nikasikia kabati limehamishwa na Papa Karani anaumwa. Hapo sina la kusimulia, sikuwapo.

Leo mimi ni mwalimu. Nimeona maktaba nyingine za shule katika mji huu, na nyingi nimezionea dirishani. Vitabu vinaletwa kwenye maboksi, wakubwa wanapiga picha, kisha mlango unafungwa kwa kufuli ili visiharibike, na ufunguo unakuwa kwa mtu aliye safarini. Ukiuliza unaambiwa watoto wa siku hizi hawajui kutunza. Mimi nimeishi mahali ambapo kila kilichotunzwa vizuri ndani ya chumba kilikwisha kwa siku mbili, na kilichobaki ni kile kilichokuwa chini ya vitanda vya watoto wasiojua kutunza. Kabati la darasa langu halina kufuli. Mkuu wa shule amenionya mara tatu. Kila mwaka napoteza vitabu vitano, sita. Nina daftari, najua viko kwa nani.

Agosti 2019, kiangazi, nilikwenda Walungu kuwaona wa kwetu. Alinipeleka mdogo wangu, ambaye siku hizi ni motari, anabeba abiria Bukavu nzima kwa pikipiki, na safari hii nilikuwa mimi mgongoni kwake. Vumbi lilitufanya wote wawili wazee. Mtoto wa mama mdogo, yule wa maswali mengi, sasa ana mvi na vibanda kumi na viwili vya sungura nyuma ya nyumba, vimepangwa kama mchoro nilioujua. Sikuuliza. Yeye ndiye aliyeingia ndani akatoka na kitabu, karatasi ya simenti imekuwa nyeusi kwa kushikwashikwa, mgongo umeshonwa kwa uzi wa viatu.

Mdogo wangu alikuwa amesikia hadithi hii tangu utotoni na siku zote alisema ninaikuza. Akakipokea, akakigeuza, akatazama pande zote kama hakuna anayemwona, akapitisha ulimi. Akatema mate mbali sana.

“Yaya!” akaniita mimi dada yake. “Miaka yote hiyi?”

Nikasema sasa kitarudi, angalau niwaonyeshe wanafunzi wangu ukurasa wa 17. Ndugu yetu akanitazama, akaingia tena ndani, safari hii akatoka na daftari la shule lenye kalamu iliyofungwa kwa kamba. Lilikuwa na majina kurasa na kurasa, watu wa kijiji kile na vya jirani, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, wengine wametia dole gumba. Akafuta vumbi kwenye mstari wa chini, akaandika jina langu, akaandika tarehe, kisha akainua kalamu akanisubiri.

“Dada, utarudisha lini?”